Maiti Iwekwe Ndani ya Ndiva

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Naahidi kusema yote. Hata yanayoniaibisha. Hata yanayomhusu Jenifer, na hayo nitajitahidi kuyasema kwa haki. Bi. Faustina alipotembelea shule yetu muhula uliopita alituambia kwamba mwandishi anayeficha mambo afadhali akauze vitenge. Mimi sitaki kuuza vitenge.

Habari yenyewe ni hii. Watu wa filamu wamefika kijijini kwetu Vudee, nasi tuko likizo! Wametoka Dar es Salaam na magari, jenereta, na masanduku meusi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakalia. Wanaigiza *Kisu Chini ya Mgomba*, riwaya ya upelelezi ya Bi. Faustina, ambayo nimeisoma hadi jalada likaachana na kurasa. Bibi alilishona kwa uzi wa gunia.

Kwa asiyeijua: binti anauawa. Maiti inatupwa ndani ya ndiva, yaani bwawa kama lile letu la kuta za mawe na udongo, linalokusanya maji ya kijito usiku ili mashamba yanyweshwe mchana kwa zamu. Asubuhi mzee wa maji anaona nywele zinaelea. Anapuliza pembe mara tatu. Watu wanakuja mbio. Hapo ndipo kisa kinapoanza hasa. Mwalimu Tumainieli, anayetufundisha Kiswahili, alisema mandhari ile ndiyo moyo wa riwaya; ukiung'oa huna kitabu, una karatasi.

Sasa leo nimemsikia dereva wao, kaka mmoja aitwaye Mbaraka, akimwambia mama muuza chai kwamba maiti itapatikana ndani ya buti la gari, stendi ya Same.

Buti la gari. Stendi.

Sikuweza kula. Bibi Ernesta, mama yake baba, ndiye ninayeishi naye. Wazazi wangu wako Same mjini kwa kazi. Aliniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni wasiwasi wa kifasihi. Akanichemshia mwarobaini.

Mpango: kesho nitampelekea mwongozaji makande. Mtu aliyeshiba makande ya Bibi hawezi kukataa ushauri.

Jumanne, 9 Septemba

Makande yamefika kwa mtu mwingine.

Mwongozaji anaitwa Yunus. Kijana, huvaa miwani ya jua hata ndani ya ukungu. Nilipomwamkia shikamoo alishtuka akajitazama kuanzia viatu. Alikuwa amezungukwa na watu, basi Mbaraka akapokea hotipoti yangu kwa mikono miwili, akaahidi kuifikisha. Ilirudi ikiwa imelambwa. Nikauliza kama makande yalifika. Mbaraka akasema yamefika salama, akajipapasa tumbo.

Mchana walichagua watu wa kupita nyuma ya waigizaji. Kazi yenyewe ni kupita. Walitaka msichana mwenye ndoo kichwani, apite. Nimebeba ndoo tangu darasa la kwanza! Wakamchukua Jenifer. Jenifer ni jirani yetu, tuko wote kidato cha tatu, na riwaya hajaimaliza. Aliishia kwenye harusi, akadhani imekwisha vizuri. Mchaguzi aliniambia kwamba uso wangu unafikiri sana, watazamaji wataangalia uso badala ya filamu. Jenifer akanifariji mbele ya watu wote.

"Pole, Mhakiki. Wewe utatusomea majina mwishoni."

Hata hivyo! Jioni nilimkuta Yunus peke yake juu ya jiwe la karibu na kanisa, akitafuta mtandao. Nikamweleza habari ya ndiva. Nilianza na mandhari, nikaja kwa wahusika, nikamalizia na dhamira, kama tulivyofundishwa. Nilipofika kwenye nywele zinazoelea, akavua miwani. Nikamwuliza kwa heshima mbona ameitoa sehemu nzuri namna hiyo. Akakiri kwamba riwaya hajaisoma. Amesoma skripti, na muhtasari aliotumiwa kwenye simu.

Nikaanza upya, tangu jalada.

Anataka nimwonyeshe ndiva kesho.

Jumatano, 10 Septemba

Yunus ameipenda ndiva. Alisimama juu ya ukuta akatengeneza dirisha kwa vidole vyake, akachungulia, akasema maneno ambayo sitayaandika lakini yalikuwa ya sifa.

Shida moja. Maji yalikuwa nusu. Kiangazi hiki kijito kinachechemea, na kidogo kinachojikusanya usiku kinafunguliwa asubuhi. Yeye anataka ndiva ijae hadi ukingoni, maiti ielee ikitazama mbingu. Akauliza ni nani anayeweza kuzuia isifunguliwe kesho na keshokutwa, ili apige picha Jumamosi alfajiri. Jibu sahihi lilikuwa Babu Sifael, mzee wa maji, pamoja na kikao chake. Jibu nililolitoa lilikuwa: mimi.

Sijui lilitokaje.

Alhamisi ni zamu yetu. Ijumaa ni ya kina Jenifer. Jumamosi si zamu ya mtu, ni siku ya kuzibua mifereji. Basi ninazo siku mbili za kushughulikia.

Kwetu zamu hubadilishwa kwa kumtuma mtoto. Si kwa karatasi wala kwa simu. Mtoto anasimama mlangoni, anaamkia, anatoa maneno ya aliyemtuma, na neno lake ndilo neno la nyumba. Babu Sifael husema mtoto hana shamba, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Hakuwahi kumfikiria mtoto mwenye riwaya.

Nilikwenda kwa Baba Jenifer. Nikasema Bibi anaomba Ijumaa yao maji yasifunguliwe, wawapishe watu wa filamu, naye atawapa Alhamisi zetu mbili zinazofuata hii. Baba Jenifer alikubali haraka kuliko nilivyopenda. Kisha nikarudi nyumbani, nikasimama mlangoni kwetu wenyewe. Nikasema Baba Jenifer anatuomba kesho tuwapishe watu wa filamu, atatufidia.

Bibi alikuwa anapepeta mahindi. Akauliza atatufidia lini. Nikasema karibuni. Akasema haya, jirani ni jirani. Ila maharage yakishatoa maua yanaweza kungoja mara moja. Mara mbili hayawezi.

Mara tatu, Bibi. Nimehesabu njia nzima. Ni mara tatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Maua ni meupe, mengine yana zambarau pembeni. Sikuwahi kuyatazama kwa makini. Leo nimeyatazama sana.

Asubuhi Bibi alichukua jembe kwa mazoea, akateremka hadi mdomo wa mfereji wetu. Akafika, akakumbuka, akasimama kidogo. Akarudi. Nilijifanya ninafagia uwanja. Niliufagia hadi kuku wakaona ajabu.

Maharage hayo ndiyo makande yetu hadi baada ya masika. Yakishindwa, hatuna shamba jingine la kutegemea.

Mpango wangu unaendelea hivi. Filamu itafanikiwa. Yunus atashukuru. Kijiji kitajulikana. Baba Jenifer ataona haya kuchukua zamu za nyumba iliyoleta heshima, atazirudisha mwenyewe bila kuombwa. Nimeupitia mpango huu tena na tena. Una tundu mahali fulani lakini bado sijaliona.

Jenifer alikuja kunionyesha gauni la filamu. Akaniuliza ni kitu gani kinamchekesha baba yake tangu jana. Nikamwambia watu wazima hucheka tu. Akanitazama. Hajamaliza riwaya, lakini si mjinga.

Ijumaa, 12 Septemba

Ndiva inajaa! Nimekwenda kuichungulia mara nyingi mno, mwishowe nikabeba kikapu ili nionekane nina shughuli.

Maiti imefika. Ni sanamu la mpira lenye wigi. Lilipanda kutoka Same kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda, na mama muuza chai akalisalimia. Halikuitika. Akasema watu wa Dar wana maringo.

Jambo kubwa ni pembe. Yunus alitaka sauti ya king'ora, ikawekwe huko huko Dar. King'ora! Nikamfungulia ukurasa wa arobaini na moja: pembe, mara tatu. Akanyoosha mikono. Mbaraka akaitoa pembe waliyokuja nayo kwa ajili ya mapambo. Mwigizaji anayecheza mzee wa maji akapuliza, ikatoka sauti ya ng'ombe mwenye kifua. Nikaomba nijaribu. Marehemu babu alinifundisha nilipokuwa mdogo. Niliipuliza kidogo tu, pumzi ya nusu. Wote wakageuka.

Yunus amesema kesho nitapuliza mimi. Nitakuwa nje ya picha, lakini sauti itakuwa yangu. Uso unafikiri sana, sawa. Sauti haina uso.

Akaniagiza nipite nyumba kwa nyumba niwaambie watu kwamba alfajiri kuna kazi ya filamu kwenye ndiva, wasishtuke kwa lolote watakaloliona au kulisikia. Nimepita. Nimewaambia habari ya kamera. Nimewaambia habari ya jenereta. Kuhusu pembe sikusema. Jenifer angesikia, angetaka kupuliza yeye, na mapafu anayo.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nyuma ya banda la mbuzi.

Ilianza vizuri. Ukungu ulikuwa mwepesi, ndiva imejaa hadi ukingoni. Sanamu likaelea chali na wigi likatandazika juu ya maji kama ilivyoandikwa. Nilitaka kulia. Yunus akasema tujaribu sauti kwanza, kamera bado. Nikapuliza. Mara tatu, kwa pumzi zangu zote.

Sasa, kila mtoto wa hapa kwetu anajua kwamba pembe ikilia mara moja ni kikao. Mara mbili ni msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba itoe mtu na jembe. Mara tatu kutoka upande wa ndiva ni ukuta unapasuka. Hata mimi najua. Nilikuwa nimesahau tu kwamba sisi tunaishi hapa.

Walikuja. Waliteremka kutoka kila upande na majembe begani, wengine wamebeba magogo ya migomba ya kuzibia ufa. Baba Jenifer alikuja na shuka. Mwinjilisti alikuja na kandambili moja. Babu Sifael, ambaye hutembea kwa mkongojo, alifika wa kwanza na mkongojo hakuwa nao. Akaona maji yako ukingoni, jambo ambalo halijaonekana tangu masika, na hapo kwetu hakuna maswali. Ukuta ukitaka kwenda, unatoa kizibo kwanza, unauliza baadaye. Vijana wakaruka ndani. Mmoja akaibuka na wigi mkononi, akapiga ukunga, akatoka majini akaelekea nyumbani kwao bila kugeuka. Waliobaki wakakitoa kizibo.

Maji yakaondoka.

Midomo yote ya mifereji ilikuwa imezibwa, maana leo si zamu ya mtu. Kwa hiyo hayakwenda kwa mtu. Yakateremka na njia, yakapita katikati ya hema la chakula la wageni, yakachukua viti vya plastiki na sufuria ya wali, yakaishia bondeni kwenye mawe. Maji ya siku mbili, ya nyumba mbili, katikati ya kiangazi. Watu wakasimama na majembe yao wakiyatazama yakipotea.

Ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wenyewe, neno kwa neno. Na kamera ilikuwa bado imefunikwa.

Kisha Babu Sifael akaniona na pembe. Alianza kwa Chasu, Kipare chetu, lugha anayoitumia akiwa hana hasira kabisa au akiwa nayo nyingi. Halafu akabadilisha, ili hata wageni waelewe.

"Careen. Nani alikutuma?"

Kwetu swali hilo huwa na jibu siku zote. Leo halikuwa nalo.

Jumapili, 14 Septemba

Kesi.

Watu wa nje hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Ni uzushi. Kesi ya kuku ingekwisha mapema. Hii ya maji ilianza baada ya ibada, kwenye baraza ya Babu Sifael, ikala mchana wote. Nililetwa katikati, nikasema yote. Nilisema la kwa Baba Jenifer na la kwa Bibi. Niliposema kwamba nilisimama mlangoni kwetu nikamletea bibi yangu maneno ya kutunga, mama mmoja aliinuka akahamia benchi la nyuma.

Baba Jenifer alisimama kwa utulivu. Akasema yeye Ijumaa yake imekwenda na maji. Alipewa neno, na neno la mtoto ni neno la nyumba. Alhamisi mbili ni zake. Wazee hawakumpenda kwa kusema hivyo, nikawaona. Lakini hawakuweza kumjibu. Wakilivunja neno langu, kuanzia kesho ni mtoto wa nani atakayeaminiwa?

Ikabaki njia moja. Bibi aseme hakunituma, basi neno liwe langu peke yangu, mimi ambaye sina shamba wala zamu. Wote wakamgeukia. Mimi pia. Niliomba aseme hivyo.

Bibi alisimama, akakaza khanga yake.

"Ametoka nyumbani kwangu," akasema. "Neno ni langu."

Akakaa.

Nimesoma riwaya nyingi. Sijakutana na sentensi iliyonipiga namna hiyo.

Hukumu: Alhamisi mbili zinakwenda kwa kina Jenifer. Mimi nitazibua mifereji kila Jumamosi hadi mvua za vuli. Na nisitumwe tena mlango wowote kwa habari ya maji. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma. Kutumwa nilikuwa naona ni kero.

Tulipotoka, Jenifer alinipita kwenye lango akasema pole. Hakuongeza Mhakiki. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumeanza kunywesha kwa ndoo. Chemchemi iko chini na shamba liko juu. Mstari mmoja wa maharage unakunywa ndoo nzima na kukutazama kama mgeni ambaye bado hajaandaliwa chakula. Majani yameanza kujikunja.

Mchana Bi. Faustina amefika kutoka Same! Amekuja kuwaona wanavyoigiza kitabu chake. Nilimkimbilia na ndoo yangu. Nikamwomba radhi kwa niaba ya fasihi: nilijaribu kuirudisha ndiva kwenye filamu, nimeshindwa, wamerudi kwenye buti la gari. Nikamweleza yote.

Alicheka hadi akashika uzio wa watu. Kisha akaacha kucheka.

"Binti yangu, mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia waitoe. Kitabuni maji hayapungui. Ningeombaje watu wajaze ndiva kwa ajili ya picha, Septemba hii? Buti ni wazo langu."

Ananificha uchungu, najua. Waandishi wakubwa ni wanyenyekevu.

Aliomba kuliona shamba. Akainama, akalishika jani moja kwa vidole viwili, akalinyoosha. Likajikunja tena. Akamwamkia Bibi, wakaongea kando kwa muda, sikusikia.

Jioni boza la maji, lori lenye tangi, limepanda kwa gia ya kwanza, Mbaraka akilitangulia kwa miguu kama anayeongoza fahali. Boza zima! Nikauliza ni la nini. Ni mvua. Riwaya inakwisha kwa mazishi, na mazishi yako kwenye mvua, katikati ya mibuni. Kesho watasimamisha mpira wa maji na kuinyeshea kahawa ya kanisa.

Kahawa ambayo haijaomba.

Nina wazo.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeisaliti riwaya. Naliandika hili kwanza ili lisinielemee.

Asubuhi nilimkuta Yunus anakunywa chai na Bi. Faustina. Nikaamkia. Nikasema samahani, nimesikia mazishi yatakuwa kwenye kahawa, wakati kitabuni yako kwenye shamba la maharage. Mimi ndiye niliyesema hivyo! Ukurasa unasema mibuni. Naukumbuka hadi mahali ulipochafuka na mafuta ya taa.

Yunus, ambaye hajasoma, akamgeukia mwenye kitabu.

Bi. Faustina alipuliza chai yake. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ambao chai ilihitaji.

"Maharage," akasema. "Yenye maua."

Walihamisha kila kitu kabla ya saa sita. Kaburi la bandia wakalichimba pembeni, penye njia. Nikawaambia waombolezaji wakanyage ndani ya mifereji tu, maana kitabuni hutembea kwa mstari kwa ajili ya huzuni. Nikawaambia watu wa mpira wauelekeze juu, maji yashuke polepole, yasije yakaangusha maua. Yunus akauliza kama hilo nalo limo kitabuni. Nikasema ni dhamira.

Jenifer alikuwa mwombolezaji, na nguo nyeusi. Mwigizaji mmoja mkubwa alitaka kupita kati ya mimea. Jenifer akamvuta mkono wa koti, kamera inafanya kazi, akamwambia kaka, hapo ni chakula. Picha ikaharibika. Wakaanza upya, mvua nayo ikaanza upya. Nilimwangalia. Akaniangalia. Sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Kwa hiyo nami nikaharibu moja. Nilipita nyuma ya kaburi na uso wangu. Uso ulifikiri sana. Wakarudia tena.

Bibi alikuwa amesimama pembeni chini ya mgomba. Maji yalipoanza kushuka safari ile ya tatu, alitoka akaingia katikati ya shamba lake bila mwavuli, akasimama. Majani yalikuwa yanadondosha maji pande zote. Akalia. Si kwa sauti, mabega tu. Yunus akanong'ona kwamba kamera ibaki kwa yule bibi, isiondoke. Akaniuliza ni mwigizaji kutoka kikundi gani.

Bi. Faustina ameteremka Same na gari la jioni. Alinishika kichwa.

Bibi alinipakulia makande, pamoja na ukoko, ambao huwa hagawi. Akaniuliza leo nilitumwa na nani. Nikasema hakuna. Akasema alidhani hivyo. Akanifanya niahidi, nikiwa nimeshika kijiko, kwamba sitatoa tena maneno ya mtu ambaye hakunituma. Nimeahidi. Kwa moyo wote.

Jumatano, 17 Septemba

Majani yamenyooka! Nilikwenda kuyaona kabla sijanawa uso. Maua machache yameanguka, mengi yapo, na mahali pengine kuna vijitumba vidogo vya kijani, kama kucha ya mtoto.

Nimejifunza mengi juma hili. Nimejifunza kwamba neno la mtu ni kama maji ya ndiva, ukilifungua bila zamu halirudi. Nimemsomea Bibi sentensi hiyo. Akasema ni nzuri, nikachote maji.

Ila nimekaa nikapiga hesabu. Mvua ya jana imeziba pengo la kesho. Imebaki Alhamisi ijayo, ambayo nayo ni ya kina Jenifer. Na Mbaraka ameniambia boza limelipiwa safari moja zaidi, na watu wa filamu hawaondoki hadi wiki ijayo.

Bi. Faustina, shikamoo. Kurasa hizi nimempa Mbaraka akufikishie huko Same, na hotipoti ya makande. Hakikisha zimefika zote mbili. Sikuficha kitu, kama ulivyotufundisha, basi na hili silifichi. Asubuhi hii nilikutana na Yunus pale kwenye jiwe la mtandao. Nikamwambia muuaji anakiri kosa lake kwenye mvua kubwa, katika shamba lile lile la maharage. Najua kitabuni anakiri kituo cha polisi, chini ya bati, mahali pakavu kabisa. Lakini Yunus hajui. Amefurahi sana. Akaniuliza ni nani aliyesema, nikamwambia ni wewe uliyenituma.

Naomba unijibu kwa gari la kesho asubuhi, maana wanataka maneno yake mapema: muuaji aanze kukiri mvua inapoanza, au angoje kwanza ardhi ilowe vizuri?